Gari Lina Kasi, Wewe Je?

Mume wangu alitaka mkoko wenye nguvu ya farasi mia tatu na ushee. Mimi nilitaka nyumba yetu ya Bunju ifike kwenye linta. Siku moja uwanjani ndiyo iliyotusaidia kuamua.

Wanaume jamani! Mpe kijana wa Kibongo kazi inayoeleweka, mshahara unaobaki kidogo mwisho wa mwezi na mwaka mmoja bila deni, halafu mchunguze anawaza nini. Hawazi suti wala saa. Anawaza gari. Na si gari la kumfikisha kazini, maana hilo mara nyingi analo tayari. Anawaza mkoko wenye mlio, ambao akigusa mafuta kidogo tu watu kituoni wanageuza shingo. Dar utamkuta ameegesha Subaru yenye tabo nje ya baa, boneti wazi, wenzake watano wameinamia injini kama wanaotazama mtoto mchanga. Nairobi hali ni hiyo hiyo. Na huku Uingereza tunakoishi sisi ugonjwa ni ule ule, tofauti ni kwamba huku kuna mahali pa kuupimia.

Mahali penyewe ni uwanja wa mbio za magari. Viwanja hivi havina mashindano kila siku, kwa hiyo siku nyingine hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipa, unaonyesha leseni yako, unasikiliza maelezo ya usalama, gari linapimwa makelele, unavaa helmeti, kisha unaingia na gari lako lile lile la kwendea sokoni. Hakuna trafiki, hakuna tochi, hakuna anayekuja mbele yako.

Ila msomaji wangu, usije ukadhani ni mashindano. Kupima muda ni marufuku. Kupitana kunaruhusiwa kwenye maeneo yaliyonyooka tu, tena kwa ridhaa ya anayepitwa: akuone, akupishe, ndipo upite. Ukileta ubabe unaitwa pembeni. Ukirudia unafungishwa virago. Na bima ya kawaida ya barabarani mara nyingi haikufuati mle ndani, kwa hiyo ukigonga ukuta, umegonga mfuko wako mwenyewe.

AKAUNTI MOJA, NDOTO MBILI

Mimi na mume wangu tumeoana miaka sita. Mambo mengi tunakubaliana, na akiba tunaweka pamoja. Kiwanja Bunju tulishanunua, msingi ulikwisha, kuta zikafika usawa wa madirisha, na kila nilipopiga simu fundi alinikumbusha kwamba nondo zikikaa nje sana zinashika kutu. Kwenye akaunti yetu kulikuwa na pauni 18,000. Hizo zilikuwa za linta, kenchi na bati.

Basi bwana, mwenzangu akaliona gari mtandaoni. Bei yake pauni 17,500! Utadhani muuzaji alichungulia akaunti yetu. Akanionyesha picha kitandani saa tano usiku, ile saa ambayo wanaume huomba vitu vikubwa.

“Mke wangu, hili si gari. Huu ni uwekezaji.”

Nikamuuliza, uwekezaji gani huo unaokunywa mafuta? Akacheka, lakini hakuacha. Wiki nzima ikawa ni hilo tu. Mara nguvu ya farasi, mara sekunde ngapi kutoka sifuri hadi kilomita mia. Mwisho akasema neno ambalo mimi nililishika: “Nataka niende nalo uwanjani. Pale ndipo dereva anapojulikana.”

“Dereva au gari?” nikamuuliza.

Akanyamaza. Sikumsukuma. Wanawake wenzangu mtanielewa, kuna swali ambalo ukilirudia mara mbili linakuwa ugomvi. Nikamwambia tu twende tukaone kwanza, kabla ya kuweka saini popote. Rafiki yake mmoja, shemeji yangu mpenda mbio kupita maelezo, tayari alikuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa ameshalipia siku moja Brands Hatch, na akatukaribisha.

MAMA WA MAZDA

Brands Hatch iko Kent, si mbali na London. Formula One ilikuwa ikija hapo hadi mwaka 1986. Watu wa kawaida mara nyingi huendesha kwenye ile njia fupi iitwayo Indy, yenye urefu wa kilomita 1.9 hivi. Uwanja wenyewe umekaa kama bakuli, kiasi kwamba ukisimama juu ya ile kona ya kwanza, Paddock Hill, unaona karibu kila kitu. Kona hiyo si mchezo. Unaifikia kwa kasi, inakata kulia, na hapo hapo ardhi inazama chini yako kama umeruka ngazi moja gizani. Kisha unapanda kilima hadi kona nyingine iliyojikunja kama pini ya nywele, inaitwa Druids.

Sisi tulikwenda na gari letu la familia, injini ya lita 1.4. Tulitoa kiti cha mtoto, mwavuli na makombo ya biskuti, maana mle ndani hakitakiwi kitu kinachoweza kuruka. Mume wangu akaingia kwenye gari la shemeji kama abiria. Mimi nikabaki juu na chai yangu.

Magari yalikuwa ya kila namna. Mengine mapya yanang'aa, mengine yamechoka. Kati ya yaliyochoka lilikuwemo Mazda MX-5 la aina ile ya kwanza, iliyoanza kutoka mwaka 1989, yenye taa zinazofunuka kama macho ya chura. Injini lita 1.6, nguvu ya farasi 115 hivi, uzito haufiki tani moja. Aliyekuwa akiliendesha ni mama wa makamo aliyepita sitini, mwalimu mstaafu, na thamosi ya supu kaiacha kwenye kiti cha plastiki.

Sasa sikiliza nilichokiona. Shemeji akitoka kwenye kunyooka, gari lake linanguruma, linaiacha Mazda mbali ile mbaya. Akifika Paddock Hill anabana breki mapema, anaachia, anabana tena, gari linayumba. Mazda inakuja taratibu, haina kelele, inateremka kona kama maji kwenye mfereji. Wakifika Druids mama yuko mgongoni kwake. Wakitoka, shemeji anakanyaga mafuta, anampoteza tena. Kona inayofuata, mama huyo hapo tena! Mizunguko minne nilihesabu, na shemeji hampishi. Yeye kichwani mwake alijua kwamba kila wakinyooka anamwacha, sasa ampishe wa nini?

Wasimamizi wakampungia bendera, wakamwita pembeni. Mume wangu alikuwa humo ndani, ndiye aliyenisimulia baadaye. Msimamizi hakufoka. Aliinama dirishani akasema, “Una kasi kwenye kunyooka tu. Kwingine kote unamzuia. Mkifika pale, ondoa mguu kwenye mafuta, mwache apite.”

Shemeji akafanya hivyo. Mama akapita, akanyoosha mkono kushukuru, na baada ya mizunguko mitatu hakuonekana tena mbele yao.

Halafu kikatokea kingine. Walipoingia mara ya pili, hata dakika kumi hazikuisha shemeji akarudi pembeni, magurudumu ya mbele yanatoa moshi na harufu kama nywele zilizoungua. Breki zilikuwa zimechemka. Pedali ilikuwa inazama kama anakanyaga sponji. Gari likalala hapo hadi mchana. Mama wa Mazda aliendelea kuzunguka, akatoka, akanywa supu yake, akaingia tena.

KWA NINI LA BEI RAHISI LILISHINDA KONA?

Mimi si fundi, lakini napenda kuelewa kitu. Siku ile niliuliza kila mtu aliyekubali kunijibu, na nilipofika nyumbani nikaendelea kusoma. Hesabu yake si ngumu.

Gari linashika lami kwa sehemu nne tu, na kila moja ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne! Hivyo ndivyo vinavyobeba kazi yote: kukata kona, kufunga breki, kuongeza mwendo. Injini kubwa haikuongezei mshiko wowote kwenye kona. Ukiviomba viganja hivyo vikate kona na wakati huo huo vifunge breki kwa nguvu, vinagoma. Pua ya gari inakwenda moja kwa moja badala ya kukunja, au mkia unatoka nje. Dereva mzuri ni yule anayeviomba kazi kwa zamu: kwanza breki gari likiwa limenyooka, halafu usukani taratibu huku akiachia breki, halafu mafuta kadiri anavyonyoosha usukani.

Na joto la breki? Mzigo wa breki hauongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inazidi mara nne. Chukua gari la kilo 1,600 linalofika kwenye kona na kilomita 160 kwa saa, ulilinganishe na la kilo 1,000 linalofika na 140. Yote yakipunguza hadi 60, breki za lile kubwa zinabeba joto zaidi ya mara mbili ya breki za lile dogo. Tena kila kona, kila mzunguko. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, na yakiwa na unyevu huchemka mapema. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi breki. Ndiyo ile sponji ya shemeji.

Lakini jibu lililonikaa zaidi alinipa mwalimu mmoja wa pale uwanjani. Alisema gari lenye nguvu nyingi linakusamehe haraka mno. Ukiharibu kona, unakanyaga mafuta, sekunde mbili baadaye mwendo umerudi na umeshasahau. Hujifunzi kitu. Gari dogo halisamehi. Ukipoteza mwendo kwenye kona, utautafuta kunyooka kote na hutaupata. Kwa hiyo linakulazimisha kujua umekosea wapi. Kumbe udhaifu wa gari ndio unaomfundisha dereva!

Tusidanganyane hata hivyo. Weka madereva wawili wenye ujuzi sawa, mwenye gari kali atashinda, hilo halina ubishi. Na gari kali mikononi mwa anayejua ni kitu kizuri kutazama. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalinunua gari kali kwanza, tukitumaini ujuzi utakuja nao kwenye boksi.

ALIPOSHUKA ALIKUWA KIMYA

Mchana mume wangu akamfuata yule mama. Nilimwona kwa mbali, ameshika helmeti mbele ya tumbo kama mwanafunzi. Akamwomba ampakie. Mama akamwangalia kuanzia juu hadi chini, pengine akikadiria uzito, akamwambia, “Ingia kijana, funga mkanda vizuri.”

Walizunguka dakika kumi na tano. Aliposhuka alikuwa kimya. Nikampa chai, nikasubiri. Mume wangu si mtu wa kunyamaza hovyo.

“Mikono yake haisogei,” akasema mwisho. “Yaani anashika usukani kama anashika kikombe. Anapiga breki mara moja, kwa nguvu, basi. Na tunapanda Druids ananisimulia habari za nyanya zake bustanini. Na bado tunawapita watu.”

Yule mama alimwambia kwamba ana gari lile miaka kumi na moja. Kila alipotamani jingine, alichukua sehemu ya zile hela akamlipa mwalimu, na zilizobaki akanunua matairi. Basi. Hana siri nyingine.

NUSU SAA YANGU

Mimi nami sikwenda pale kunywa chai tu. Nililipia nusu saa na mwalimu, kwenye gari letu lile lile. Nilipitwa na kila kiumbe. Niliwasha indiketa kupisha watu mpaka nikahofia balbu itaungua. Lakini nilichopata ndani ya nusu saa ile sikuwahi kukipata miaka yote niliyoshika leseni.

Kitu cha kwanza ni macho. “Unatazama wapi?” aliniuliza, na akaendelea kuniuliza hivyo hivyo kila kona. Dereva mgeni hutazama kipande cha lami kilicho mbele ya boneti. Inatakiwa utazame mbali, pale unapotaka gari lifike, na ukishapaona utupe macho mbele zaidi. Mikono hufuata macho. Ukikodolea ukuta, utakwenda ukutani.

Cha pili ni breki. Wengi hatujawahi kuikanyaga breki kikweli hata mara moja. Tunaigusagusa. Alinifanya niikanyage kwa nguvu zangu zote sehemu iliyonyooka, hadi nikahisi ABS inatetemesha mguu, na bado nikaweza kugeuza usukani. Ile hofu ya kwamba gari litaniponyoka ikaisha pale pale.

Cha tatu ni namna ya kukaa. Alinisogeza kiti mbele na kukinyanyua mgongo kabla hata hatujawasha gari. Mguu ukikanyaga pedali hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukinyoosha mkono juu ya usukani, kifundo kiweze kulala pale bila bega kuondoka kwenye kiti. Ule mtindo wa vijana wetu wa kulala nyuma kama wako kwenye kochi, mkono mmoja usukanini, alisema ni sawa na kuendesha ukiwa umefungwa kamba.

Mzunguko wa mwisho niliteremka Paddock Hill bila kukunja uso. Mwalimu hakusema kitu, na kwa mwalimu wa aina ile hiyo ni sifa.

KIKAO CHA JIKONI

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, maana jarida hili si la mafundi magari.

Tulirudi nyumbani, mtoto akalala, tukakaa jikoni. Nilijua mazungumzo yale yana mtego. Ukimwambia mwanaume kwamba gari hilo halimfai, hasikii habari za gari. Anasikia kwamba yeye hafai. Na ndivyo ilivyokuwa. “Yaani wewe unadhani siwezi kuendesha?” akaniuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, si ya hasira. Ya kuumia. Nikaona kwamba suala si zile pauni 17,500 peke yake. Mwenzangu alikuwa amefanya kazi miaka minane nchi ya watu, ofisi ambayo hata jina lake wanalitamka vibaya, na alitaka kitu kimoja ambacho akikaa ndani yake mtu hatauliza anaweza au hawezi.

Nikamjibu hivi: “Sijasema huwezi. Nasema hatujui. Na lile gari halitatuambia.”

Siku tatu hatukulizungumza. Ya nne akaja mwenyewe na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu: pauni 1,200 kwa mwaka mzima. Ndani yake kuna siku nne za uwanjani kwa gari letu dogo, mwalimu kila siku hizo, matairi manne mazuri, pedi za breki na mafuta mapya ya breki. Zilizobaki, pauni 16,800, ziende Bunju. Mwaka ukiisha tukae tena.

Mimi sikuongeza neno. Niliisaini ile karatasi kama hati ya kiwanja.

SI HADITHI MPYA

Ukitazama vizuri, watu wetu wa Afrika Mashariki hawakuwa wa kufundishwa somo hili na mtu. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa 1965 aliupata na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1974 alikuja na Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600. Nyuma yake, nafasi ya pili, alimaliza Björn Waldegård na Porsche 911! Bila shaka Safari ya wakati ule haikuwa kasi tupu. Ilikuwa tope, vumbi, mashimo na gari kuvumilia hadi mwisho. Lakini anayelifikisha gari mwisho ni nani kama si dereva anayejua lini akanyage na lini aachie?

Ujerumani nako kulikuwa na Sabine Schmitz, aliyeshinda mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na 1997. Alifariki Machi 2021. Watu wengi duniani wanamkumbuka kwa kitu kimoja: katikati ya miaka ya 2000, kwenye kipindi cha televisheni cha Top Gear, alichukua gari la mizigo, Ford Transit ya dizeli, akaizungusha ile njia ya zaidi ya kilomita 20 kwa dakika 10 na sekunde 8. Wenye magari ya michezo waliokuwa njiani siku hiyo waliona kipanya kinawapita. Hebu fikiria sura zao.

MWAKA ULIPOISHA

Zile siku nne mume wangu alizitumia zote. Ya kwanza alirudi amekata tamaa, ya pili kanuna, ya tatu akaniamsha saa sita usiku kunieleza kona moja. Ya nne nilikwenda kumtazama. Sitakudanganya kwamba aliwapita wenye magari makubwa, injini ya 1.4 ni injini ya 1.4. Lakini breki yake ilikuwa moja, mikono imetulia, na kila mwenye kasi aliyemfikia alipishwa mapema bila kinyongo. Alikuwa akiendesha kama mtu asiyedaiwa.

Desemba tukaja nyumbani, tukaazima gari la familia kwenda Iringa. Tukirudi Dar, tukishuka Kitonga nyuma ya lori lililojaa mbao, nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Alishusha gia kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini ishike gari, breki akaigusa inapobidi tu. Akaacha nafasi ndefu mbele yetu. Magari mawili yakatupita kwenye kona isiyoonyesha mbele, honi juu. Yeye akaangalia mbali, hakujibu. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida safari nzima anasali, alikuwa amesinzia. Alipoamka Ruaha Mbuyuni akasema, “Mwanangu, siku hizi unaendesha kama mtu mzima.” Sijawahi kumwona mume wangu akatabasamu vile kwa sababu ya gari lolote.

Kuna mdogo wake pale Dar, ana miaka ishirini na nne na Subaru. Alikuwa ameomba hela za kuongezea tabo nguvu. Kaka yake akainama kwenye matairi, akasoma ile namba ya tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi ya mtumba, tena ya miaka tisa! Hela ya tabo hakutoa. Alimnunulia matairi manne mapya na kumlipia mwalimu wa udereva. Kijana alinuna wiki nzima. Na anune tu, tumzike nani?

KABLA HUJANUNUA MKOKO

Wewe na mwenzako mkiwa kwenye mjadala kama wetu, nawaachia haya machache.

Kwanza, matairi. Hicho ndicho kitu pekee kinachogusa barabara. Angalia umri wake, si vijino tu, na pima upepo yakiwa ya baridi.

Pili, mafuta ya breki. Muulize fundi yalibadilishwa lini. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri kila miaka miwili hivi.

Tatu, jilipie mafunzo kabla ya kulipia nguvu ya farasi. Uwanja ukiwa mbali, tafuta mwalimu mzuri na eneo la wazi, halali na tupu, mjifunze breki ya nguvu na kutupa macho mbali.

Nne, barabara si uwanja. Uwanjani wote tunaelekea upande mmoja na kuna watu wa bendera. Barabarani kuna bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule.

Tano, na hili ni kwa wanawake wenzangu: mwenzako akitamani gari, usikimbilie kulikataa gari. Muulize anataka limfanyie nini. Yawezekana ni kitu ambacho hakiuzwi dukani, na mnaweza kukipata wote wawili kwa bei nafuu zaidi.

Kwetu sisi linta imefungwa na kenchi zimepanda. Mwenzangu bado anaangalia picha za magari saa tano usiku, na wala simkatazi. Siku hizi ananionyesha breki na uzito kabla ya nguvu ya farasi. Juzi kaniuliza kama sasa anaweza kuanza kutafuta. Nikamwambia aweze asiweze, bati kwanza.